Jezi ya Golikipa

Jirani yangu hapa Downsview, ughaibuni, anapenda sabuni ya unga yenye harufu ya maua. Nikiisikia katika chumba cha kufulia cha jengo letu, hurudi juu na nguo zangu chafu.

Baba alichezea timu ya wakimbizi wa Kongo na Burundi, ya daraja la chini kabisa, ambayo ilishakufa zamani. Kila Jumapili baada ya mechi, familia moja ilibeba jezi zote kwenda kuzifua. Ilikuwa zamu yetu wiki ile golikipa alipoangukiwa na mzigo ghalani kazini, akafa.

Mama alifua huku analia. Alitaka jezi ya marehemu itakate kuliko zote, kwa hiyo aliisugua kwa mkono shingoni na kwapani kwa sabuni ile ya maua, akaipiga pasi.

Jioni mjane akabisha hodi. "Dada, jezi yake mmeshaifua?"

"Tangu asubuhi," mama akajibu, akampa kwa mikono miwili.

Yule mjane akazamisha uso ndani yake. Akanusa kwapani, akanusa shingoni, akaigeuza, akanusa tena.

"Za nyumbani nilizifua zote siku ile, akiwa kazini," akasema.

Mama akajishika mdomo.

"Asante, dada. Imetakata."