Vikwembe Vinavyorefuka

Mama alianza kwa kulaumu kitambaa. Kila kikwembe alichojifunga kiunoni, pindo lake liliburuta uani na kurudi ndani limejaa vumbi, naye hakuwa na shaka hata kidogo kosa lilikuwa la nani.

"Bikwembe bya siku hizi habina maana," alisema. "Ukifua, binarefuka."

Katika nyumba yetu Mama alikuwa hakosei, basi tukakubali. Baba hata alikwenda kumgombeza muuza vikwembe sokoni, jambo alilojutia, maana watu walimcheka mpaka akatoka bila kununua chumvi aliyotumwa. Kila mtu anajua kitambaa kikifuliwa hurudi, hakirefuki. Lakini hakuna kati yetu aliyethubutu kusema lililokuwa mbele ya macho yetu wote. Mama alikuwa anafupika.

Tuliishi mtaa wa Nyakabiga, na nchi ilikuwa na miaka michache tu ya uhuru wake. Kabla ya hapo Mama alikuwa ameugua saratani ya titi. Madaktari walimkata titi la kushoto, kisha wakamfanyia upasuaji wa pili, wakatoa vifuko vya mayai ya uzazi, kwa sababu walisema ndivyo vilivyokuwa vinaulisha ule ugonjwa. Akapona. Aliporudi nyumbani alijaza pamba upande uliobaki mtupu, akaenda kanisani Jumapili, akaimba kwa sauti kuliko kwaya nzima. Sisi tukaona habari imekwisha.

Miaka ikapita. Siku moja alikuwa anakamua shuka lililolowa, na mkono ukavunjika hapo hapo penye kifundo. Shuka tu! Hakuanguka, hakugongwa na kitu. Tulimpeleka mtaa wa Rohero kwa daktari, akapigwa picha, na daktari akaitazama ile picha muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Akatueleza, Baba na mimi, binti niliyekwisha olewa. Vile vifuko walivyovitoa ndivyo pia vilivyokuwa vinaisaidia mifupa yake kukaa imara. Bila hivyo mifupa huisha nguvu polepole, na ile ya mgongo hubonyea, ndiyo maana mtu anapungua kimo. Asibebe vizito, alisema, na asiiname. Lakini atembee kila siku, akae juani, anywe maziwa, ale samaki wadogo, ndagala, wazima na miiba yao.

Basi, mpende mtu uone utakavyosikia maneno ya daktari. Tulisikia "asibebe" na "asiiname". Hayo mengine yalibaki Rohero.

Jioni ile ile tulihamisha kinu na mchi kwa jirani. Ndoo tukaificha, jembe tukalificha, hata chungu kikubwa kikapandishwa mahali asipofika. Katika mtaa wetu mlio wa kinu ndio uliowaambia watu kwamba leo kwa fulani kuna sombe, mboga ya majani ya muhogo, na Mama alikuwa na mapigo yake ambayo kila mtu aliyajua. Siku chache baadaye mama mmoja wa nyumba ya nyuma akapiga hodi, amejitanda kama aendaye msibani.

"Kinu yenu imenyamaza," akasema. "Kuko amani?"

Baba naye alijipa kazi ya askari langoni. Ndugu zetu wa Uvira, ng'ambo ya mpaka, hawajui kusalimu nusu nusu, wanakukumbatia mpaka pumzi inakutoka, na Baba aliwapokea amenyoosha viganja akipiga kelele, "Mukono tu! Mukono tu!" Wakawa wanamwamkia Mama kwa mbali kama askofu. Alikaa kwenye kiti chake tangu chai ya asubuhi, tukimletea hiki na kile, na kwa kweli tulijiona watoto wema sana.

Kilichonitisha ni kwamba Mama aliacha kugomba. Chai ikiwa haina sukari, alikunywa. Jirani akimtwangia sombe ikabaki na nyuzi nyuzi, alikula, akashukuru. Mama yangu, akashukuru kwa sombe yenye nyuzi! Nilirudi kwangu siku hiyo nikalia, na mume wangu hakuelewa nalilia nini.

Wakati huo nilikuwa na mimba yangu ya kwanza. Nikajifungua msichana, mnene wa kuchekesha. Kwetu, shingo ya mtoto ikishakaza, bibi mzaa mama ndiye wa kwanza kumbeba mgongoni, na hutoka naye njiani majirani wamwone. Mimi nilibebwa na bibi yangu, na Mama na wa kwake. Baba akaamua safari hii yule jirani aliyekaa na kinu chetu abebe, Mama akae kitini atazame. Nami nilikubaliana na Baba, sitaficha. Nilimwogopea mtoto, na nilimwogopea Mama zaidi. Nilikuwa naona ule mgongo ukikatika chini ya uzito wa mwanangu, na sisi wote tumesimama tunapiga vigelegele.

Siku ilipofika, nilimkuta Mama hayuko kitini. Amesimama, mgongo ameuegemeza ukutani, amejifunga kikwembe kipya.

"Unilete mutoto."

"Mama, munganga alisema..."

"Munganga alisema nisiiname. Mi siinami. Alisema nitembee. Hiyo ni nani aliimeza?"

Mama alikuwa anagomba! Nilifurahi, nikamkabidhi jirani mtoto.

Mama akasogea kutoka ukutani, akabaki wima. Jirani akamnyanyua mtoto na kumweka mgongoni pake, nami nikamshikilia huku Mama akizungusha kikwembe cha kubebea. Fundo likakaa juu ya kifua, upande wa kushoto. Akalipapasa.

"Ona," akasema, "hii nafasi imepata kazi."

Jirani alicheka mpaka akashika ukuta. Tukaanza kutoka, na mimi nyuma nimeingiza kiganja chini ya makalio ya mtoto, nauchukua uzito wote. Hatukufika langoni.

"Toa mukono," akasema. "Unaniibia mujukuu."

Nikatoa. Nilihisi uzito ukiondoka mkononi mwangu na kwenda kwake. Alisimama kidogo, akavuta pumzi, akaenda. Najua kesho yake alishinda kitandani na chupa ya maji ya moto kiunoni, na hakutaka kuulizwa. Lakini siku ile alipita langoni mbele ya Baba, akatokea njiani, na wanawake wakapiga vigelegele, mtoto akashtuka, akalia, Mama akamtuliza kwa kumpigapiga kwa ule mkono uliowahi kuvunjika.

Pindo la kile kikwembe kipya lilikuwa linaburuta vumbini, karibu alikanyage. Nikainama nyuma yake, nikaliinua kwa mikono miwili, nikamfuata hivyo hivyo kama anayemsindikiza bibi harusi.

Hakugeuka. "Nilikuambia," akasema. "Binarefuka."

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Binarefuka kweli."