Kiti cha Mbele ya Kompyuta

Jumanne nilikuwa steshenari moja hapa Mkolani, nikimsubiri mama mwenye duka anichapie makala, maana mimi huandika kwa mkono. Kando yangu wasichana wawili wanaosomea ualimu walikuwa wakijaza dodoso la watu wanaolinganisha mafunzo ya kompyuta kwa walimu wanafunzi wa Tanzania, Kenya na Rwanda.

"Unaweza kutumia kompyuta mwenyewe darasani?" mmoja alisoma. "Weka 'vizuri sana', shoga. Unataka Wakenya watucheke?"

Mwenzake akauma kalamu. "Tunaizunguka mashine moja watu kumi, anabonyeza mmoja, sisi tunanakili kwenye daftari. Hata kuiwasha sijawahi. Nikisema naweza, nani atatuletea nyingine?"

"Haya, tuaibishe."

Yule mwenye kalamu akaweka tiki kwenye "siwezi", akaikandamiza mpaka karatasi ikatoboka.

Mama mwenye duka akainuka. "Mwanangu, pita huku ndani, kaa hapa. Chapa makala ya huyu mzee, nitakuelekeza."

Msichana akakaa, akawa anatafuta herufi kwa kidole kimoja huku anacheka.

Nilipaswa kumshukuru Mungu kwa ajili yake. Badala yake nilimwonea wivu. Miaka mitatu namwambia yule mama kwamba kuchapa najua, ila macho tu ndiyo yananisumbua, kwa hiyo kiti kile hajawahi kunikaribisha.

Jumamosi niliungama kwa padri. Kwa yule mama naungama leo, maana makala hii ataichapa yeye.