Dawa ya Mzee na Kuku Wanaosinzia

Miaka ile maduka ya dawa yalipoanza kuota mpaka huku kwetu Mtinko, kila mtu alijifanya daktari. Mume wangu alianzia kwa kuku. Kuku akisinzia, mzee anafungua kapsuli ya binadamu, anamimina unga kwenye maji, anamnywesha. Akipona, sifa za mzee. Akifa, mapenzi ya Mungu.

Halafu akaugua mwenyewe, saratani ya damu. Tukaenda mpaka Dar es Salaam, akapewa vidonge vya kumeza kila siku. Tumbo lililokuwa limevimba likanywea, na yeye akarudia kugombana na majirani juu ya mipaka ya shamba. Nikajua amepata nafuu. Yeye akajua amepona, na hapo ndipo alipokosea.

Tuliporudi kliniki, daktari, binti mdogo tu, alitazama majibu ya damu, akauliza kama mzee anameza dawa.

"Nameza."

Nikamkazia macho.

"Kuna siku naacha."

"Unaiacha wapi?" nikauliza.

Akatazama dirishani. "Kuku walikuwa wanasinzia, mama watoto."

Daktari akainamia meza. Nilidhani analia, kumbe anacheka. Alipomaliza kucheka akatuambia ugonjwa umerudi. Dawa inaua seli mbaya zilizozagaa kwenye damu, akasema, lakini mama zao wamelala ndani ya mifupa, na hao haiwamalizi. Ukiacha kumeza wanaamka, wanazaa upya.

"Sasa binti yangu, kama wamelala, si tuwaache walale?" mzee akauliza.

"Ndago," nikamwambia.

Gugu hilo mzee analijua. Kila msimu huwasimanga wake za wanawe shambani: majani mmekata, viazi vyake mmeviacha chini, mvua ikinyesha msinililie.

"Atapona?" nikamuuliza daktari. Sauti ilitoka ndogo, sikuipenda.

"Akimeza kila siku, bibi, tutaushika tena. Akichezea, siku moja dawa itashindwa."

Tangu siku hiyo anameza mbele yangu, baada ya ugali.

"Fungua mdomo. Inua ulimi."

"Mwanamke, hata mahabusu hawafanyiwi hivi!"

"Mahabusu hawana kuku."

Majibu yaliyofuata yalikuwa afadhali, na yaliyofuata hayo mazuri. Lakini simwamini. Jogoo wetu naye, akisikia tu kichupa cha dawa kinatikiswa, anakuja mbio, anasimama miguuni pa mzee, shingo juu.

"Maskini, anasubiri fungu lake," mzee akasema juzi.

"Asubiri," nikamjibu. "Wewe meza."