Aliyeianika Betri ya Moyo

Nilikuwa Kibondo nikisahihisha mitihani, dereva wa lori la chumvi akaniletea habari kutoka Kasulu: jirani yangu mwenye duka, yule wa mashine kifuani, amefariki na wamekwisha kumzika. Wasomaji wangu wa siku zote wanajua sipendi kulia gazetini. Leo nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo najielekezea mwenyewe.

Marehemu alikuwa mtu wa pwani aliyeoa Muha wa Makere, akatulia kwetu akiuza mafuta ya taa, sabuni na betri za redio. Moyo wake ulipochoka, miguu ikavimba na hatua kumi zikamtoa jasho, ndugu zake walimpeleka Ulaya. Alirudi na kidude kilichoshonwa chini ya ngozi ya kifua, cha kuuhimiza moyo upige, akaanza tena kupanda mlima kwenda msikitini bila kupumzika njiani. Madaktari walimpa sharti moja. Mapigo yake yawe sabini kwa dakika. Yakishuka chini ya sitini na tano, ajue betri inakwisha, aende Dar es Salaam upesi ikabadilishwe. Mtaani kwetu mwenye saa ya mshale wa sekunde nilikuwa mimi, basi kila Ijumaa baada ya swala nilimshika mkono na kuhesabu.

Ijumaa moja nikapata sitini na mbili. "Ondoka kesho," nikamwambia. Mteja wa Heru Juu aliyekuja kununua sabuni akadakia: "Mbona betri za redio tunaanika juani, zinaimba tena? Mzee, anika kifua tu, utaona." Msicheke. Nani kwetu hajawahi kuanika betri juu ya bati? Siku tatu mtu mzima yule alikaa kibarazani kifua wazi, jua la saa saba likimchoma, na pumzi ikizidi kuwa fupi. Siku ya nne basi la Kigoma, la kumfikisha kwenye treni ya Dar es Salaam, lilikuwa linapakia abiria, mkewe amesimama mlangoni na sanduku. Marehemu akaninyooshea mkono. "Haya mwalimu, imepanda?"

Nilihesabu mara mbili. Hamsini na nane. Nikautazama uso ule uliojaa matumaini, watu wametuzunguka, nikashindwa. "Imepanda kidogo," nikasema.

"Alhamdulillahi! Mke wangu, rudisha sanduku ndani."

Mkewe akanikazia macho. "Kweli, mwalimu?" Nikajitia kuifunga saa. Basi likaondoka, na kesho yake nami nikaenda Kibondo kwenye mitihani, nikijidanganya kwamba ukweli nitausema nikirudi.

Yule wa Heru Juu simlaumu, alisema alichokijua. Mimi nilijua idadi. Tumezoea kumpa mgonjwa jibu analolitamani, tukaliita huruma, kumbe tunajihurumia sisi tusiouweza uso wake. Ukikabidhiwa mapigo ya mtu, mtajie uliyoyahesabu. Jirani yangu alikuwa na haki ya kuogopa asubuhi ile. Hofu hiyo ndiyo ingempandisha basi, nami nilimnyang'anya.