Sindano Kabla ya Mechi

Hiribae Abduba alikuwa beki wa kati, mrefu, mtoto wa wafugaji wa Kiorma wa viungani mwa Garsen. Akiwa na miaka ishirini na moja, wakala aliyemwona kwenye mashindano ya Malindi alimpeleka Poland, kwenye klabu ya daraja la tatu ya mji mdogo wa Dobrowice. Baridi ya huko iligandisha uwanja mpaka njumu zikawa zinalia kama juu ya saruji.

Kocha wake, Zenon, alimpenda. Hilo ndilo lililomponza. Goti la kulia lilipovimba zikiwa zimesalia mechi tano, na timu iko ukingoni mwa kushuka daraja, Zenon alimwita daktari. Hiribae akadungwa sindano ya ganzi, akacheza. Akadungwa tena, akacheza tena, mechi zote tano. Timu ikanusurika. Msimu ulipokwisha Zenon alichukuliwa na klabu kubwa. Hiribae alipasuliwa goti, kisha akaambiwa mkataba wake hautaongezwa.

Alirudi nyumbani akichechemea. Baba yake alimtazama akishuka kwenye bodaboda. Mfugaji asiyeweza kutembea atafuata ng'ombe gani? Ukame ulipokuja, mzee aliswaga mifugo peke yake kuelekea delta, kwenye malisho ya mtoni. Alirudi na ng'ombe watatu kati ya arobaini, na kikohozi kilichompeleka kaburini kabla ya mvua.

Kilichobaki ni mpira. Hiribae akawa kocha wa timu moja ya mtaani Garsen, na msimu wa pili akaifikisha fainali. Zikiwa zimebaki siku tatu, mshambuliaji wake, Menza, alikuja mazoezini goti limejaa maji.

"Kuna jamaa wa duka la dawa anadunga, kocha," Menza akasema. "Sitasikia kitu."

"Ndiyo maana sitaki. Maumivu yakinyamaza si kwamba goti limepona. Utakaa nje."

"Maskauti wa klabu za Mombasa wanakuja kunitazama! Wewe ulifika Ulaya, mimi unanizibia?"

Hiribae akakunja suruali, akamwonyesha kovu. Menza akageuza uso.

Fainali ikachezwa Menza akiwa nje, wakafungwa tatu bila. Kamati ya timu ilimfukuza Hiribae palepale uwanjani, watu wakimzomea mpaka barabarani. Menza akahamia timu moja ya Tarasaa, ambako hakuna aliyemkataza. Alidungwa, akafunga mabao manne katika mechi tatu. Mechi ya nne alianguka peke yake, bila kuguswa na mtu.

Hiribae alikwenda kumjulia hali. Mbeyu, mama yake Menza, alisimama mlangoni asimkaribishe.

"Wewe ulijua," akasema.

"Nilimwambia, mama."

"Ulimwambia mara moja. Walipokufukuza, ukasusa."

Ilikuwa kweli. Siku Hiribae aliyosikia Menza amehama, alisema moyoni: shauri yake.

Mwishowe Mbeyu akampisha. Menza alikuwa amelala, mguu juu ya mto, macho kwenye mabati ya paa. Hiribae akavuta kigoda, akakaa.

"Daktari anasemaje?"

"Nipasuliwe. Mombasa."

"Tutakwenda wote."

"Ili iweje, kocha?"

"Mimi nilipasuliwa peke yangu."

Menza akamwomba afunge dirisha, jua lilikuwa linamchoma machoni.