Mzee wa Banda la Kuni

Kwa siku tisa za mwezi wa Juni, mzee mmoja alilala katika banda la kuni nyuma ya nyumba yetu ya wazee pale Njombe, ilhali ndani kulikuwa na kitanda chake kimetandikwa, na mablanketi mawili juu yake. Asubuhi nyasi za uani zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda. Siku ya kumi ndipo nilipofahamu kwamba alikuwa akilinda kitanda cha mtu mwingine.

Nianze na nyumba yenyewe. Ilijengwa wakati wa Mwingereza, kwa matofali ya kuchoma, na washarika wa kanisa wakishirikiana na baraza la wenyeji, kwa ajili ya wazee wasio na pa kuishi. Wengi wao walikuwa wanaume waliokwenda kukata mkonge Tanga wakiwa vijana wakarudi na mvi. Walishuka Makambako na sanduku la bati, wakaenda kwao, wakakuta shamba lina miti ya mtu mwingine na hakuna anayewatambua. Mimi nilikuwa msimamizi. Kwa kuwa niliwahi kufundisha shule ya misheni, wote waliniita Mwalimu, hata walionizidi miaka arobaini.

Sharti kuu lilikuwa moja: hapokelewi mwenye jamaa, na akigundulika anaye, anarudishwa kwa jamaa huyo. Niliona ni sharti la haki. Vitanda vilikuwa kumi na viwili tu.

Mzee huyo nilimpokea mwenyewe Makambako, mchungaji wa huko alipotuma habari kwamba amekaa wiki nzima kwenye kibaraza cha duka. Tulipanda basi pamoja. Alikuwa mwembamba, mchangamfu, na viganja vyake vilikuwa na makovu ya mkonge. Njiani nilimweleza taratibu zetu zote, na nakiri nilizieleza kwa fahari.

"Na mwenye kuficha jamaa yake?" aliuliza.

"Anatoka siku hiyohiyo."

"Eeh! Mwalimu, ninyi ni wakali kuliko mnyapara."

"Na wanawake wamo humo?" aliuliza tena baada ya muda.

"Wamo watatu. Mzee, bado unatafuta mchumba?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Meno haya manne nimchumbie nani?"

Tulifika mchana. Kibarazani alikuwa ameketi bibi mmoja wa vijiji vya upande wa Uwemba, mwenye rozari shingoni, aliyekuwa nasi mwaka wa pili. Ulimi wake ulikuwa mkali na mikono yake haikutulia. Siku hiyo alikuwa akisuka kikapu. Alipoinua macho akatuona, alijifunika kichwa kwa kitenge, akageukia ukutani. Mzee naye aligeuza uso, akaacha njia, akazunguka nyuma ya nyumba. Nilimkuta kwenye banda la kuni, ameshaketi juu ya sanduku lake.

"Hapa panatosha," alisema.

"Mzee, hapa ni pa kuni."

"Na mimi nimekauka vilevile."

Nilitafuta sababu kwa mpangilio, kama nilivyozoea. Kwanza nilidhani anaogopa kwamba nyumba yetu ni mahali pa kwenda kufia, maana baadhi ya watu mjini walisema hivyo. Nikamwonyesha wazee wanaopalilia viazi. Halafu nikadhani hapendi kulala na wenzake. Nikampa kitanda cha pembeni. Alinishukuru kila mara, akabaki bandani. Wakati huohuo yule bibi aliacha kula pamoja na wengine. Hata maji ya kunawa alitaka apelekewe chumbani. Sikuyaunganisha mambo hayo mawili. Nilimwandikia dawa ya tumbo.

Siku ya kumi mama mpishi alinijia na blanketi mkononi.

"Bibi anasema mpelekee huyo wa nje."

"Anamhurumia?"

Alinitazama kama mtu anayetazama chungu kilichotoboka. "Mwalimu, wewe si mtoto wa hapa? Au shule imekutoa akili yote? Yule ni mkwewe! Amemwoa binti yake. Atalalaje nyumba moja na mama mkwe? Atakulaje mbele yake?"

Niliona aibu. Kwetu mwanamume akikutana na mama mkwe wake njiani, mmoja huingia kichakani mpaka mwenzake apite. Nilikuwa nimeliona jambo hilo tangu utoto, na lilipotokea mbele yangu nikaandika dawa ya tumbo. Lakini hata angependa kunieleza sababu, mzee asingeweza. Nilikuwa nimemwambia mwenyewe ndani ya basi kwamba mwenye jamaa hutolewa. Akisema bibi ni mkwewe, bibi anapoteza kitanda. Akapima, akachagua baridi.

Sikuweza kulificha. Nilipeleka habari kwa kamati: mchungaji na mzee mmoja wa baraza. Mzee wa baraza hakuchelewa.

"Kumbe wanaye mtu. Watoke wote wawili wakasaidiane."

"Baba," nilimwuliza, "mama mkwe wako akiugua, wewe utamwogesha?"

"Usinitukane mbele ya mchungaji!"

"Sikutukani, baba. Ndicho unachowaambia wale wakafanye."

Mchungaji alitazama dirishani, mabega yakimtikisika. Mzee wa baraza naye akacheka kidogo. Nilikuwa nimekwenda na mchoro: chumba cha mwisho tukizibe kwa ndani, tukitobolee mlango upande wa pili, na katikati ya ua tujenge wigo wa mianzi. Walikubali. Kazi ilichukua siku nne, na mzee mwenyewe alichanganya udongo. Hadi leo naamini wigo ule ni kazi bora niliyoifanya pale.

Lakini mzee wa baraza aliongeza neno, na lilikuwa la haki. "Binti yuko wapi? Akiwa hai na ana nyumba, huyo ndiye jamaa wa wote wawili. Wataenda kwake."

Maswali yalipitia kwa mama mpishi, akisimama penye wigo, bibi upande huu, mzee upande ule, kila mmoja akimsikia mwenzake vizuri kabisa.

"Anasema waliachana kule mkongeni," mpishi alisema. "Mkewe alikwenda shamba jingine na watu wengine. Hakumfuata."

"Mwulize, alikuwa mzima?" bibi alisema.

"Anasema alipanda lori akicheka."

Bibi alishika rozari yake, akaanza kuihesabu.

Nilimwandikia meneja wa shamba hilo, kamati ikaamua wote wawili wakae mpaka jibu lije. Kila siku ya posta bibi alimtuma mpishi kuniuliza kama basi limepita. Nikisema limepita bila barua, mpishi alirudi ndani kumwambia. Nilipohamishiwa Makambako, mwaka mmoja na nusu baadaye, jibu lilikuwa halijafika, wala hakuna kati yetu aliyejua kama bibi alikuwa akiomba lije au lisije.