Siku Niliyowafungia Nyuki Mlango

Juzi jua lilipopatwa, wajukuu wangu walisimama uani hapa Nakuru wakiwa na miwani ya karatasi, vichwa juu kama makinda wanaongoja kulishwa. Mimi niliketi mlangoni nikitazama kuku. Mwanga ulipofifia, mitetea waliacha kuchakura, wakaingia bandani mmoja mmoja bila kufukuzwa. Hakuna mtoto aliyegeuka kuwaona. Hapo nikasikia kitu cha zamani kikinichoma kifuani, na usidhani, rafiki yangu, kwamba kilikuwa huzuni. Kilikuwa wivu. Nimepita miaka sabini, na bado namwonea wivu msichana wa miaka kumi.

Tuliishi Mau Narok, kwenye shamba la mzungu, miaka ya hamsini ikielekea ukingoni. Wazazi wetu walilima ngano na kuchuma pareto, na sisi watoto tukitoka shule tulichuma pia, vidole vikinuka maua hadi usiku. Baridi ya kule unaijua: asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe, miguu ikafa ganzi mpaka ufike mekoni, uchome kiazi kwenye majivu, ukile na maganda yake.

Ng'ambo ya ua wetu alikaa huyo msichana. Baba yake alikuwa mpishi wa mzungu, kwa hiyo alikula ncha za mkate zilizopakwa jemu na kuvaa sweta nyekundu isiyokuwa na tundu hata moja. Alisoma kwa sauti bila kukwama. Mama yangu alikuwa na neno moja tu la kunionya, nikimwaga maziwa au nikichelewa mtoni: "Angalia mwenzako!" Nami nikamwangalia. Nilimwangalia mpaka nikajua idadi ya vifungo vya sweta yake.

Lakini kilichoniumiza zaidi ni asali. Babu yake alikuwa na mizinga ya magogo msituni, juu kwenye mierezi. Magoti yalipomshinda kupanda, aliuteremsha mmoja akauning'iniza kwenye tawi fupi la mzeituni-mwitu nyuma ya ghala lao, chini kabisa, hata mtoto angeweza kuugusa. Msichana alipakiwa asali kwenye kiazi chake, akaja kukilia uani, akilamba vidole polepole. Huenda hakuniona. Mimi niliamini ananilambia mimi.

Siku moja mwalimu alituambia kwamba kesho yake jioni jua litapatwa. "Atakayelitazama ataharibu macho," alisema. "Tazameni chini, wanyama na wadudu wanafanya nini. Kila mmoja nitampa kiumbe chake, kisha mtaniandikia." Mmoja alipewa ng'ombe, mwingine ndege kwarara wanaolala kwenye miti ya mto. Msichana wa ng'ambo alipewa nyuki. Mimi nikapewa punda wa shule, yule wa kusomba maji, niende naye nyumbani. Darasa zima lilicheka. Mwalimu akaongeza kwamba kazi itakayokuwa nzuri kuliko zote itasomwa mbele ya wakubwa siku ya kufunga shule, nami nilijua palepale ni ya nani.

Kesho yake, saa kumi hivi, wakubwa wote wakiwa shambani, niliruka ua. Nilikuwa nimemwona yule babu akifanya kazi yake mara nyingi, kwa hiyo nilibeba kipande cha kinyesi kikavu cha ng'ombe kinachofuka moshi. Nikaupuliza moshi kwenye mzinga. Nyuki wengi walikuwa mbali huko kwenye maua, na wachache waliobaki walilegea. Mzinga ulikuwa na matundu mawili ya kuingilia. Nikayaziba kwa magunzi mawili ya mahindi, nikayagongomea kwa jiwe. Nilijiambia kwamba nyuki wakikosa kuonekana, hatakuwa na la kuandika. Nyuki mmoja aliniuma sikioni. Nikang'ata ulimi nisilie, nikarudi kwa punda wangu.

Nilimfunga karibu na ua ili nione upande wa pili. Msichana alitoka na kigoda na daftari, akaketi hatua chache kutoka mzingani. Mwanga ulianza kubadilika. Halikuwa giza la wingu. Kila kitu kilikuwa wazi lakini kimepauka, na chini ya mti vitone vya jua vilivyopenya majani viligeuka kuwa kama miundu midogo, mamia kwa mamia, vyote vimeelekea upande mmoja. Baridi ikashuka. Ng'ombe wakaanza kuelekea bomani wenyewe, maziwa yakiwadondoka. Kwarara wakapita juu wakipiga kelele. Punda wangu akakojoa.

Ndipo niliposikia mvumo. Ulitoka upande wa msitu na upande wa shamba kwa pamoja. Nyuki wote wa mzinga ule walikuwa wakirudi nyumbani kwa wakati mmoja, kwa kuwa waliona usiku unawawahi, na nyumbani mlango umefungwa. Niliona kitu cheusi kikiufunika mzinga. Nilimwona msichana akisimama, akatupa daftari. Nilidhani atakimbia. Alikimbia, lakini alikimbilia mzingani, mikono mbele. Baada ya hapo sikuona kitu, maana nilikuwa nimejificha nyuma ya punda, macho yamefumbwa, nikisikia mtu akipiga mayowe.

Babu yake alimkuta chini, magunzi mawili mkononi. Alikuwa ameyang'oa kwa vidole, nyuki wakaingia.

Uso wake ulivimba mpaka macho yakapotea. Siku mbili hatukujua kama atapona. Mama yangu hakulala, na mimi sikula, nami nilimwomba Mungu kwa maneno yote niliyofundishwa. Siku ya tatu akaomba maji, na sote tukapumua. Na hapo, nisikufiche, wivu ulirudi kama mbwa aliyefukuzwa kwa muda tu. Watu walimpelekea mayai na sukari. Mke wa mzungu alimtumia blanketi. Mwalimu alikwenda mwenyewe kuketi kando ya kitanda chake, akaandika kwa mkono wake yale aliyoyaona msichana. Nilitamani ningeumwa mimi.

Mama alinituma na chupa ya maziwa. Nilimkuta peke yake, macho bado yamefumbwa na uvimbe. Alinijua kwa hatua.

"Sikio lako limepona?" aliniuliza.

Maziwa nusura yaniponyoke. "Limepona."

"Nilikuona ukiruka ua na moshi. Nilifikiri unaiba asali."

"Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu. Na punda alifanya nini?"

"Alikojoa."

Akacheka, kisha akashika shavu kwa maumivu. "Kaa nikuambie walivyokuja," alisema. Akaniambia. Walikuja chini, karibu na ardhi, wengine wamebeba chavua ya manjano miguuni, wakamgonga uso kama punje za mvua kabla hata hawajakasirika. Waliushika mzinga na kushikana wao kwa wao, wakatetemeka. "Hawakutaka kuniuma," alisema. "Walitaka kulala." Nilimsikiliza nikitaka kuomba msamaha, na nikitaka zaidi kuwa yeye.

Nyuki wale walihama wiki iyo hiyo, wakaelekea msituni. Babu yake aliuacha mzinga ukining'inia mtupu, naye hakuuliza mtu. Kazi ya msichana ndiyo iliyosomwa siku ya kufunga shule. Mwaka uliofuata walihamia Kuresoi.

Mierezi ile imekatwa. Nilipopita mwaka jana ni viazi mpaka upeo wa macho. Kwarara wawili watatu. Asali nanunua dukani kwenye chupa ya plastiki, na sijui nyuki gani waliitengeneza wala wanalala wapi. Wajukuu wangu wanajua dakika ambayo jua litaanza kupatwa, lakini hawajui kuku wao huingia bandani saa ngapi.

Nilikutana naye tena mara moja tu, sokoni hapa Nakuru, sote tukiwa mama wa watoto wakubwa. Makovu madogo yalikuwa bado kwenye kope zake. Kwa miaka thelathini nilikuwa nimeyaandaa maneno ya kumwomba msamaha, nikamshika mkono, nikafungua mdomo. Nikamwomba anisimulie tena nyuki walivyokuja.